Nyumba Mbili Juu ya Msingi Mmoja

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kiwanja huku nyanda za juu kusini, iwe Uyole, Isyesye au Iwambi za Mbeya, iwe Mafinga au Njombe, ambaye tayari anatembea na picha ya nyumba kwenye simu yake. Mwaka 2018 mtu huyo nilikuwa mimi. Picha yangu ilinila shilingi milioni 12 na laki nne juu ya gharama ya nyumba yenyewe, na ilibaki kidogo iniondolee watoto wawili. Nitasema kila kitu, pamoja na fedha, kwa sababu laiti walionitangulia wangenisimulia hivi, ningejenga mara moja tu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimezaliwa Isimani, Iringa, na miaka yangu ya kwanza niliishi kwenye tembe ya babu. Asiyeijua tembe aelewe hivi: ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa. Zinasimamishwa nguzo za miti migumu, juu yake boriti, juu ya boriti fito, kisha nyasi, kisha udongo uliokandwa na kushindiliwa unene wa shubiri nzima na zaidi. Vyumba vilizunguka ua, na ng'ombe walilala humo humo. Mwezi wa kumi kila mwaka, kabla ya mvua, babu alitupandisha wajukuu juu ya paa na madebe ya udongo mpya. Tulitafuta ufa kwa nyayo. Ukikanyaga mahali pakalia kikavu kama chungu kilichopasuka, unaita, "Babu, hapa!" Naye anakuja, anapiga magoti, anapaka udongo kwa kiganja taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Usiku wa Juni, upepo ukiuma nje, ndani mlibaki joto la mchana lililokaa kwenye udongo ule.

Nimeieleza tembe kwa kirefu kwa sababu baadaye ilinidanganya. Nilikua nikijua kwamba paa bapa linawezekana, kwamba watu wazima wenye akili wameishi chini yake. Nilisahau mambo mawili: Isimani ni kukavu, na babu alipanda juu ya paa lake kila mwaka.

Mwaka 2011 nilihamishiwa Mbeya. Mimi na mume wangu tulipanga vyumba viwili Mwanjelwa, kwenye nyumba ile tunayoiita ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Nyumba hiyo imetoka pwani. Utaikuta Kariakoo, utaikuta Tabora na Ujiji, imefuata njia za biashara hadi kila mji wa nchi hii. Naiheshimu. Inampa mjane mwenye nyumba kodi ya vyumba vitano huku yeye akilala cha sita, na inawafanya watu wasiojuana wasaidiane kulea watoto. Tulikaa humo miaka minane, na ndoa yetu ilikomaa humo. LUKU moja kwa vyumba sita, lakini nikiugua kulikuwa na wanawake wanne wa kunichotea maji.

Hata hivyo, ua ule ulikuwa wa pwani. Pwani unapika uani mwaka mzima unapepewa na upepo wa bahari. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo kila familia iliingiza jiko lake koridoni, majiko sita kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, na moshi ukatafuta mlango pamoja nasi. Nilikuwa nakohoa kila kifuku. Ndipo nilipoanza kuota nyumba yangu, na nilipoota, niliota nyumba isiyofanana hata kidogo na ile.

Kiwanja tulinunua Isyesye mwaka 2017, milioni 4 na laki tano, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Tulikiona mwezi wa tisa, kikavu, chenye mteremko mzuri. Februari nilipita pale nikakuta maji yanakatiza katikati ya kiwanja kana kwamba yana hati yake. Ilibidi msingi upandishwe kozi tatu zaidi na mfereji wa mawe uchimbwe upande wa juu, milioni 1 na laki moja ambayo haikuwa kwenye hesabu. Ukitaka kununua kiwanja nyanda za juu, nenda kakione Januari au Februari, tena siku mvua inanyesha, na simama pale na mwavuli wako uone maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Majirani watakwambia mengine. Muuzaji hatakwambia.

Ramani niliipata kwenye simu. Kuta nyeupe, pembe zilizonyooka, vioo vikubwa kutoka sakafuni, na bati halionekani kabisa. Wenyewe wanaiita kontemporari, paa la kuficha. Nililipa laki mbili na nusu, ikaja kama faili. Haikuniuliza nitajenga Tanga au Makete, upepo wangu unatoka wapi, jua langu linapita wapi. Mume wangu, Mnyakyusa wa Rungwe, aliiangalia kimya, akasema tu, "Mama Atu, hii nyumba haina upenu." Nikamjibu kwamba upenu ni mambo ya zamani. Jibu lile bado naliona aibu.

Fundi wetu mkuu, mzee wa Ilomba aliyejenga tangu ujana wake, alinionya pia. Tulikuwa tumemaliza boma, na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imeshakaa. (Kuhusu lenta sikukosea, na hilo namshukuru yeye: aliifunga nyumba nzima kwa nondo nne za milimita 12 bila kuikata popote, kwa sababu Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika.) Alikaa juu ya tofali, akachora paa kwa kijiti mchangani.

"Mwalimu, paa la namna hii linataka bati ndefu, toka juu hadi kwenye mfereji bila kiungo. Na mfereji uwe mpana, na mabomba yawe mawili ya inchi nne kila upande."

"Bati ndefu ni bei gani?"

Akanitajia. Mimi nilikuwa nimeshanunua bati za mita tatu kwa bei ya ofa, zimelala stoo kwa shemeji. Nikasema tutaunganisha, tutaweka silikoni. Nikasema bomba moja la inchi mbili litatosha, maji si mengi. Hayo yalikuwa maneno yangu, na mzee alifanya nilivyomwagiza. Simlaumu fundi kwa lolote.

Tulihamia Desemba 2019. Watu waliosimama barabarani kupiga picha na nyumba yetu ni wengi.

Tarehe sikumbuki, lakini ilikuwa Februari 2020, mchana, niko jikoni nakaanga dagaa, ikaanza mvua ya mawe. Anayeishi Mbeya anaijua: kwanza mlio mmoja mmoja juu ya bati, kisha ngurumo moja isiyokatika, na uani panageuka peupe. Kwenye paa la kawaida mawe yanateleza na kuanguka chini. Kwenye langu yaliporomoka hadi kwenye mfereji wa ndani, nyuma ya ule ukuta wa kuficha bati ambao mafundi huuita parapeti, yakakusanyika humo pamoja na majani ya mparachichi wa jirani. Bomba la inchi mbili likaziba. Maji hayakuwa na pa kwenda ila ndani.

Niliona kwanza duara la kahawia kwenye dari ya chumba cha watoto, kubwa kama sinia. Likawa kama ungo. Jipsamu ikaanza kutumbukia katikati, polepole, kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Nikavuta godoro, na kabla sijafika mlangoni nalo, kipande cha mita mbili kikaanguka pale pale ambapo mtoto mdogo hulala mchana. Chini ilikuwa maji, unga mweupe wa jipsamu, na mawe ya barafu yanayoyeyuka juu ya shuka. Mtoto alikuwa kwa jirani. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti.

Kifuku kile chote tulilala na ndoo. Viungo vya bati vilivuja kimoja baada ya kingine, silikoni ikipasuka kwa jua la mchana na baridi ya usiku. Nje, kwa kuwa hakuna upenu, kila mvua ilipiga ukuta kuanzia juu hadi chini. Tofali za kuchoma hunywa maji. Plasta ikaanza kuvimba na kubanduka, ndani kukawa na ukungu mweusi nyuma ya kabati, na kikohozi changu cha Mwanjelwa kikarudi.

Baadaye, nikitafuta maarifa, nilisoma habari ya nyumba moja ya Ufaransa iitwayo Villa Savoye, iliyojengwa Poissy, karibu na Paris, kati ya 1928 na 1931. Mbunifu wake, Le Corbusier, ni miongoni mwa waliowafundisha watu duniani kote kupenda nyumba nyeupe za paa bapa na madirisha marefu. Ukiitazama picha yake utaona ndugu wa ramani yangu. Mama mwenye nyumba hiyo alimwandikia mbunifu barua za kulalamika kwamba mvua inaingia ndani. Niliposoma hayo niliweka simu chini nikamfikiria yule mama, na ndoo zake.

Hilo la maji lilikuwa la fedha. La baridi lingekuwa la msiba.

Vioo vyangu vikubwa vilitazama kusini, kwa sababu barabara iko kusini na nilitaka nyumba ipendeze ikionekana. Sasa fikiri pamoja nami. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini wa anga letu. Sebule yangu haikupata jua hata dakika moja katika miezi ile tunayolihitaji kuliko yote, na upepo wa kusi ulipiga moja kwa moja kwenye kioo. Nilikuwa nimefundisha jambo hili darasani kwa miaka. Nilikuwa nimechora ubaoni nyumba za kale za Beijing, zile za ua katikati na vyumba pande nne, nikiwaeleza wanafunzi kwamba chumba kikuu huwekwa upande wa kaskazini wa ua kitazame kusini, kwa kuwa kule jua la majira ya baridi liko kusini. Mwanafunzi angeniuliza, "Mwalimu, na sisi Mbeya tutazame wapi?" ningemjibu palepale: kaskazini. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Julai 2020, usiku wa baridi kali, saa tatu hivi, niliwawekea watoto jiko la mkaa chumbani. Mkaa ulikuwa umeiva vizuri, mwekundu, bila moshi wowote. Madirisha ya aluminiamu yalikuwa yamefungwa, dari ya jipsamu imezibwa kila pembe, mlango nimeuegesha ili joto lisitoke. Kwenye tembe ya babu moto uliwaka ndani usiku kucha, lakini mlango ulikuwa wa fito na ukuta ulikuwa na matundu ya kutolea hewa. Chumba changu kilikuwa kama chupa iliyotiwa kizibo.

Saa saba usiku nilisikia kishindo. Atu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa ameanguka mlangoni akijaribu kwenda chooni. Alitapika, akasema kichwa kinapasuka. Mdogo wake hakuamka nilipomtikisa mara ya kwanza. Wala ya pili. Mume wangu alimbeba akatoka naye nje kwenye umande, akampepea, akampigapiga mashavu, na mtoto akavuta pumzi ndefu akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Jirani alitupeleka hospitali kwa bajaji yake. Waliwekwa kwenye oksijeni hadi asubuhi. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kwamba kutokuwapo kwa moshi hakumaanishi chochote. Alisema kila kipupwe hupokea familia kama yetu, na wengine huletwa wamechelewa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma huku umejifunika blanketi Makete au Mbeya mjini: usilale na jiko la mkaa ndani. Hata kama dirisha liko wazi kidogo. Pasheni maji, yatieni kwenye chupa za plastiki ngumu, zifungeni vizuri, wekeni miguuni mwa watoto chini ya blanketi. Laleni chumba kimoja. Mkiwa na uwezo, jengeni mahali pa moto penye dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa.

Tangu usiku ule nilianza kuzitazama nyumba kwa macho mengine. Mwalimu mwenzangu anakaa Uzunguni, kwenye nyumba ya enzi za mkoloni, na nimepita kwake mara nyingi bila kuiona. Safari hii niliitazama kama mtu anayesoma barua. Paa lina mteremko mkali. Upenu unatoka nje kiasi cha kufunika kibaraza. Juu limesimama dohani la tofali. Waliojenga zile nyumba walitoka kwenye nchi za baridi, na baridi waliijua. Tulirithi nyumba zao tukaziba madohani yao, tukasema yanaingiza popo.

Nikaenda Rungwe kwa mama mkwe. Rungwe sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtu wa kule hawezi kujenga paa kwa mzaha. Nilimwamkia, "Ugonile, mama," akaniitikia, akanikalisha jikoni. Jiko lake ni nyumba yake yenyewe, mbali hatua kumi na nyumba kubwa. Alinisimulia nyumba aliyozaliwa: mianzi iliyofungwa kwa kamba, udongo, na paa la nyasi nene lililochongoka hadi maji hayapati pa kupumzika. Moshi ulipita ndani ya nyasi ukatoka taratibu, ukaua wadudu na kuyakausha mahindi yaliyoning'inizwa juu. Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti aliyefika huko mwaka 1879, aliandika kwa kustaajabu juu ya usafi na uzuri wa makazi ya watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mama mkwe hamjui Thomson. Anajua kwamba upenu wa mama yake ulifika karibu na ardhi kiasi cha mtu kuinama akiingia, na ukuta wa mianzi haukulowa hata mara moja.

"Ukuta ukilowa, nyumba inaugua, mwanangu," aliniambia. "Na nyumba ikiugua, watoto wanaugua."

Nilikuwa sijamwambia habari ya ukungu nyuma ya kabati.

Mtu wa tatu alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako nilinunua silikoni yangu yote ile. Wazee wake walitoka Hadhramaut, Yemeni. Nilipomweleza shida yangu alinitolea picha ya Shibam, mji wa huko wenye nyumba za udongo mtupu zinazopanda ghorofa saba na hata nane, nyingi zikiwa zimejengwa tangu karne ya 16, zimesimama pamoja kama mahindi shambani. Mapaa ni bapa. Nikamwuliza mbona hayavuji. Akasema, "Mwalimu, kule mvua ikinyesha watu wanaisimulia mwaka mzima. Na bado kila paa linapakwa chokaa, na ukiacha kulipaka linaanguka." Ilikuwa tembe ya babu yangu, ila ya ghorofa nane. Udongo, ukame, na mkono wa mtu usiochoka kurudi juu ya paa. Paa langu lilikuwa na ubapa tu. Hayo mengine halikuwa nayo.

Agosti 2021, kiangazi kimekolea, tulibomoa paa. Tuliishi chumba kimoja cha nyuma chini ya turubai. Mzee wa Ilomba alirudi bila neno la lawama. Tulishusha parapeti, tukapandisha paa la mgongo wa tembo lenye mteremko wa kutosha maji na mawe kuteleza, upenu wa sentimita 75 pande zote, bati ndefu za geji 28, mbao za Mafinga zilizotiwa dawa. Sao Hill, msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini, uko mlangoni petu, kwa hiyo usikubali mbao mbichi kwa kisingizio cha bei. Mbao mbichi hujipinda na kuvuta misumari. Paa lilikula milioni 9 na laki nane. Kukarabati dari na plasta, milioni 1 na laki nne. Vioo viwili vya kusini niliviziba kwa tofali, nikabakiza dirisha moja la kawaida, na nikatoboa dirisha pana upande wa kaskazini, laki saba. Mahali pa moto sebuleni na dohani, laki tano. Bati zangu za ofa niliziuza kwa mtu wa banda la kuku.

Dohani lilinipa somo lake. La kwanza lilirudisha moshi ndani, kwa sababu fundi alilikatisha chini ya kilele cha paa na upepo ukausukuma moshi urudi. Lilipopandishwa likapita kilele kwa nusu mita hivi, likavuta vizuri. Katika kutafuta habari hizo nilikuta jambo la Korea ambalo nilitamani ningelijua mapema. Kule, tangu zamani, moshi wa jiko ulipitishwa kwenye mifereji chini ya sakafu ya mawe kabla ya kutoka upande wa pili, sakafu ikapata joto, na watu wakalala juu yake. Wanaiita ondol. Moto ule ule uliopika chakula ulipasha chumba, bila gesi yake kuingia humo. Nisingemshauri mtu ajaribu bila fundi anayejua, maana ufa mmoja sakafuni unarudisha kifo kile kile chumbani. Lakini ninapofundisha somo la makazi sasa, ondol naianza, na wanafunzi wa Makete na Njombe wanaandika bila kuinua kichwa.

Wenzangu huniuliza kuhusu ghorofa, hasa wenye viwanja vidogo. Mdogo wangu anaishi ghorofani Dar es Salaam, na tangu sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo mtu anaweza kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya jengo la wengi. Singapore, karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye ghorofa zilizojengwa na shirika la umma lililoanzishwa 1960. Kwa Mbeya mimi ningeanza na kitu kidogo zaidi: nyumba mbili au tatu zilizoshikana ukuta. Ukuta wa pamoja hauna upande wa nje, kwa hiyo haupotezi joto, na gharama yake mnagawana. Ila ukuta huo upandisheni mpaka uguse bati au kulipita. Mafundi wengi huuishia darini, na moto ukianza kwa jirani unatembea juu ya dari hadi kwako. London ilijifunza hilo kwa uchungu baada ya moto wa mwaka 1666, ikaamuru nyumba zijengwe kwa tofali au mawe. Vyumba vya kupangisha vilivyo mstari mmoja, ambavyo naona vinaota kila siku Ilomba na Uyole, vina hatari hiyo hiyo.

Na kabla hujalipa ramani yoyote, tafuta nyumba ya aina hiyo iliyosimama hapa hapa nyanda za juu kwa vifuku vitatu. Bisha hodi. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe pembe za dari na nyuma ya makabati. Watu wengi watakuonyesha, kwa sababu hakuna anayewauliza. Mimi sasa nawaonyesha wanaokuja. Nimebakiza kipande cha ile plasta iliyobanduka, kikubwa kama kitabu, nakiweka dirishani wakishike wenyewe waone kilivyo chepesi. Nawaambia pia wasimlipe fundi fedha ya paa yote kabla ya mvua ya kwanza. Sehemu ya kumi ibaki mfukoni hadi paa linyeshewe.

Naijua hesabu ya niliyopoteza. Milioni 12 na laki nne ilikuwa ada ya Atu ya miaka kadhaa, na tulikopa kwenye chama cha akiba na mikopo kuifikisha. Mkopo ule tuliumaliza mwaka jana. Mume wangu hajawahi kunikumbusha habari ya upenu. Huwa nakaa chini ya upenu huo jioni kwenye kigoda, mahali ambapo zamani maji yalipiga ukuta, nasahihisha madaftari.

Februari iliyopita mvua ya mawe ilirudi. Ilianza na mlio mmoja mmoja, nikasimama, moyo ukinienda mbio kama siku ile. Nikaenda chumba cha watoto nikatazama dari. Nyeupe. Nikaweka kiganja ukutani. Mkavu. Nje mawe yalikuwa yanateleza kwenye bati na kumwagika chini kama punje zinazomwagwa kutoka kwenye gunia, yakijipanga mstari mweupe kuzunguka nyumba, umbali wa upenu kutoka ukutani. Mdogo wake Atu alitoka na beseni akaanza kuyakusanya.

"Mama, njoo uone," aliniita. "Hayafiki ukutani."